Mtunza Funguo Aliye Ndani ya Kompyuta

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi maelezo kuhusu kufuli za milango, taa za ua na ulinzi wa mtaa. Safari hii tunazungumzia ufunguo wa aina nyingine: ule unaomwingiza fundi katika seva ya chama cha akiba na mikopo, ya shule, ya zahanati au ya biashara, bila yeye kuandika nywila yoyote. Ufunguo huo haulii mfukoni wala hautundikwi ukutani. Mtu akiunakili, mwenyewe hahisi upungufu wowote, kwa maana ule wake bado upo palepale alipouacha.

Hata hivyo, nyuma ya mlango unaofunguliwa na ufunguo huo ndiko kuliko daftari la akiba za wanachama, kumbukumbu za wagonjwa na matokeo ya wanafunzi. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kueleza jinsi funguo hizi zinavyofanya kazi, jinsi programu iendayo chinichini inavyozishika kwa niaba ya mwenyewe, na mahali hasa hatari ilipo. Tutaeleza pia jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii: kwamba utunzaji mzuri wa funguo hizi ndio unaowawezesha wapelelezi kumtenga mkosaji na asiye na hatia.

Makala haya yanawahusu mafundi, lakini si wao peke yao. Mwenyekiti wa chama, mkuu wa shule na mwenye duka wanaomkabidhi fundi kompyuta zao wana haki, na wana wajibu, wa kujua maswali ya kuuliza.

Ufunguo wenye sehemu mbili

Njia inayotumika zaidi duniani kuingia katika seva kutoka mbali huitwa SSH. Ilibuniwa mwaka 1995 na mtafiti wa Kifini, Tatu Ylönen, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya wezi kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi katika mtandao wa chuo hicho. Programu maarufu ya njia hiyo leo ni OpenSSH. Ilianza kutolewa mwaka 1999, nayo inapatikana katika mifumo ya Linux, macOS na Windows.

SSH inaweza kumpokea mtu kwa nywila, lakini njia iliyo bora ni ufunguo. Ufunguo huu huzaliwa ukiwa na sehemu mbili zinazoshabihiana. Sehemu ya kwanza ni ya wazi, nayo hupelekwa katika seva na kuandikwa katika faili iitwayo authorized_keys. Tuifananishe na kitasa: kila apitaye anaweza kukitazama bila madhara. Sehemu ya pili ni ya siri, nayo hubaki katika kompyuta ya mwenyewe. Hiyo ndiyo inayokifungua kitasa hicho.

Fundi anapobisha hodi, seva haimwombi aitume sehemu ya siri. Humtaka atie sahihi ya kihisabati juu ya taarifa za mazungumzo yale yale, kisha huikagua sahihi hiyo kwa kutumia sehemu ya wazi. Sahihi ikikubaliana, mlango unafunguliwa. Siri yenyewe haikusafiri hata hatua moja, na sahihi iliyotumika leo haitafaa kesho. Ndiyo maana njia hii inaishinda nywila, ambayo inaweza kubahatishwa, kuchunguliwa begani au kuandikwa katika ukurasa wa kitapeli.

Lakini sehemu ya siri ni faili tu, na faili hunakiliwa. Kwa sababu hiyo, wakati wa kuutengeneza ufunguo, mwenyewe huulizwa aweke neno la kufungulia. Neno hilo huifumba faili ile, hata mwizi akiipata akute kifurushi kisichosomeka. Anaweza kubonyeza tu na kuendelea bila kuliweka, na wengi hufanya hivyo ili kuokoa muda. Ufunguo usio na neno la kufungulia ni sawa na ufunguo wa nyumba ulioandikwa jina la mtaa na namba ya mlango: yeyote auokotaye amekwisha kufika.

Mtunza funguo ni nani

Hapa ndipo inapoingia programu tunayokusudia kuieleza. Fundi mwenye seva kumi hawezi kuandika neno refu la kufungulia kila anapohama kutoka seva moja hadi nyingine. Akilazimishwa afanye hivyo, atalifuta. Kwa hiyo watengenezaji wa SSH walimpa msaidizi: programu ndogo iitwayo ssh-agent, isiyo na dirisha wala kitufe, inayokaa chinichini kimya tangu mtu aingiapo katika kompyuta yake.

Sisi tutaiita mtunza funguo. Asubuhi fundi huandika neno lake la kufungulia mara moja. Mtunza funguo huupokea ufunguo ukiwa umefumbuliwa na kuushika katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile ambayo hufutika umeme ukizimwa. Tangu hapo, kila sahihi inapohitajika, programu nyingine humwendea mtunza funguo na kusema, "Nitilie sahihi hapa." Naye hutia.

Mtunza funguo huyu ana uaminifu wa namna yake. Hamkabidhi mtu yeyote ufunguo wenyewe. Hutoa sahihi tu. Tangu mwaka 2019, OpenSSH huusetiri ufunguo hata ukiwa ndani ya kumbukumbu ya muda, ili kuzipinga mbinu za kuchungulia kumbukumbu ambazo watafiti walikuwa wamezigundua katika miaka iliyotangulia.

Pamoja na hayo, kwa kawaida mtunza funguo hamtambui mtu kwa sura. Humtii yeyote anayezungumza kupitia akaunti ya mwenyewe katika kompyuta ile. Aliyeketi penye kiti cha fundi aliyekwenda kunywa chai, programu mbovu iliyojipenyeza katika akaunti yake, au msimamizi mkuu wa mashine ile, wote wanaweza kusema "Nitilie sahihi hapa" na kutimiziwa. Basi mwizi hana haja ya kuuiba ufunguo. Inamtosha kumtumia mtunza funguo wakati mwenyewe hayupo. Hili ndilo jambo kuu tunalotaka msomaji aondoke nalo.

Tabia zake hutofautiana

Mtunza funguo hafanyi kazi kwa namna moja katika kompyuta zote, na wengi hukosea wakidhani kwamba wakifunga dirisha naye ameondoka.

Katika Linux, ukimwanzisha kwa mkono ndani ya dirisha la amri, anaweza kubaki hai hata baada ya dirisha hilo kufungwa. Ukimwanzisha tena kesho na keshokutwa, utakuwa na watunza funguo watatu, kila mmoja na funguo zake, nawe huwakumbuki. Ni bora awekwe kama huduma ya mtumiaji inayosimamiwa na systemd, programu inayoanzisha na kusimamisha huduma katika mifumo mingi ya Linux. Hapo huwa mmoja tu, huanza mtu aingiapo na kwa kawaida husimama mtu atokapo. Isipokuwa, ikiwa akaunti imeruhusiwa kuendelea na huduma zake baada ya mtu kutoka, mtunza funguo naye ataendelea.

Katika macOS huanzishwa na mfumo wenyewe inapohitajika, na neno la kufungulia linaweza kuhifadhiwa katika hazina ya siri ya mfumo huo. Hiyo ni rahisi kwa mwenyewe, na ni rahisi pia kwa anayeijua nywila ya kuingilia katika kompyuta hiyo.

Katika Windows huduma hii ipo, lakini kwa kawaida huwa imezimwa mpaka msimamizi aiwashe. Ikishawashwa, ina tabia ambayo mafundi waliotoka Linux huishangaa: ufunguo uliokabidhiwa haupotei kompyuta inapozimwa. Huhifadhiwa ukiwa umefumbwa chini ya akaunti ya mtumiaji, na kesho yake upo tayari. Kwa hiyo anayetumia Windows asitegemee kwamba kuzima mashine kumemnyang'anya mtunza funguo alichoshika. Lazima auondoe mwenyewe.

Mtunza funguo anayesafirishwa

Ipo desturi moja ambayo tungependa kuionya kipekee. SSH humruhusu mtu aliyeingia katika seva ya kwanza aendelee mpaka seva ya pili akimtumia mtunza funguo aliyeko nyumbani kwake. Kwa maneno mengine, fundi husafiri na uwezo wa kumwita mtunza funguo wake kutoka ugenini. Ni jambo la kurahisisha kazi, lakini muda wote fundi yumo katika seva ile ya ugenini, msimamizi wa seva hiyo, au mwizi aliyejipatia mamlaka ya msimamizi, anaweza naye kumwita mtunza funguo huyo huyo.

Hatari hii imekwisha kutokea mchana kweupe. Mwezi Aprili 2019, waendeshaji wa Matrix.org, mtandao wa mawasiliano unaotumiwa katika nchi nyingi, walitangaza kwamba mvamizi alikuwa ameingia katika seva zao. Mlango wa kwanza ulikuwa programu ya Jenkins ambayo haikuwa imesasishwa. Akiwa humo, aliwatumia watunza funguo waliosafirishwa na mafundi wenyewe kuingia katika seva za ndani zaidi, zenye hifadhidata za watumiaji. Ilibidi watumiaji wote watolewe katika akaunti zao na seva zijengwe upya. Hakuna ufunguo uliovunjwa. Walioufungua mlango ni watunza funguo waliokuwa wakifanya kazi yao kwa utii.

Mwezi Julai 2023, watafiti wa kampuni ya Qualys walieleza udhaifu mwingine: seva iliyo mikononi mwa mwovu iliweza kumtumia mtunza funguo aliyesafirishwa ili kuendesha programu katika kompyuta ya fundi mwenyewe. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la OpenSSH 9.3p2, lililotolewa mwezi huo huo. Kompyuta ambayo haijasasishwa tangu wakati huo bado ina ufa ule.

Tiba ipo. Tangu mwaka 2016, OpenSSH ina njia ya kupitia seva ya kwanza kama daraja tu, bila kumpeleka mtunza funguo huko. Njia hiyo huitwa ProxyJump. Fundi anayehitaji kuvuka aitumie hiyo, na ruhusa ya kumsafirisha mtunza funguo ibaki imefungwa.

Ufunguo mmoja, watu wanne

Sasa tuje katika sehemu inayotugusa sisi polisi moja kwa moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha akiba na mikopo kina seva moja na watu wanne wanaoihudumia: fundi, msaidizi wake, mhasibu, na kijana aliyeondoka mwaka jana. Wote walipewa nakala za ufunguo mmoja. Jumapili saa nane usiku mtu anaingia katika seva, anabadilisha salio katika akaunti kadhaa, kisha anatoka. Jumatatu asubuhi uongozi unafika kituoni.

Kila mtu anapoingia kwa ufunguo, seva huandika katika rekodi zake siku na saa, jina la akaunti iliyotumika, anwani ya mtandao aliyotokea, na alama ya ufunguo uliomwingiza. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaoutambulisha ufunguo mmoja, kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu mmoja. Ingekuwa kila mmoja wa wale wanne ana ufunguo wake, mpelelezi angejua ndani ya dakika chache ni ufunguo wa nani ulioufungua mlango. Hatua inayofuata ingekuwa kuuliza kama mwenyewe ndiye aliyeutumia, au kama ulitumiwa na mwingine.

Katika mfano wetu, rekodi inasema tu kwamba "ufunguo wa chama" uliingia. Watu wanne wote wanakuwa washukiwa. Watatu wasio na hatia wanaitwa kuandika maelezo, kompyuta zao zinachukuliwa kwa uchunguzi, majirani wananong'ona, na huenda mmoja wao akapoteza kazi kwa jambo asilolijua. Mkosaji naye anajificha katikati yao. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako; lakini nguo ikiwa imevaliwa na watu wanne, ni vigumu kujua ni ya nani.

Mahakama nayo hutazama jambo hili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatie jinsi ushahidi huo ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na jinsi aliyeutoa alivyotambuliwa. Ufunguo ulioshirikiwa na watu wanne hautambulishi mtu. Basi tunaposema kila mtu awe na ufunguo wake, hatuulindi mlango peke yake. Tunamlinda pia mfanyakazi mwaminifu, ili siku ya mashaka awe na kitu cha kumtetea.

Mambo ya kufanya

Yafuatayo ndiyo tunayoyashauri. Amri zilizotajwa huandikwa katika dirisha la amri kama zilivyo.

1. Kila mtu na ufunguo wake, na kila kompyuta na ufunguo wake. Aina inayofaa leo ni Ed25519, ambayo tangu mwaka 2023 ndiyo OpenSSH huitengeneza mtu asipochagua nyingine. Amri yake ni ssh-keygen -t ed25519.

2. Kila ufunguo wa mtu uwe na neno la kufungulia. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha. Kazi ya kuliandika ni ya mara moja kwa siku, kwa kuwa mtunza funguo yupo.

3. Mpeni mtunza funguo muda wa zamu. Amri ya ssh-add -t 4h humwambia aushike ufunguo kwa saa nne tu, kisha auache. Askari wetu hawakeshi lindoni wiki nzima bila kupokezana, na mtunza funguo naye asiachwe hivyo. Katika Windows, ambako ufunguo hudumu, uondoeni kwa mkono kazi inapokwisha.

4. Kwa seva zenye fedha au siri za watu, mwambieni aulize kwanza. Ufunguo ukiwekwa kwa ssh-add -c, kila sahihi inapoombwa hutokea kidirisha cha kutaka idhini. Kidirisha kikitokea ilhali hukuomba kitu, kikatae na ukate mtandao.

5. Kabla ya kuinuka, funga. Funga skrini kila unapoondoka mezani. Mwisho wa kazi toa funguo zote kwa ssh-add -D. Ukitaka kujua mtunza funguo ameshika nini, uliza kwa ssh-add -l. Wengi watashangaa kukuta funguo walizozisahau.

6. Msitumie kompyuta ya umma. Kompyuta ya mgahawa wa intaneti haina sababu ya kuushika ufunguo wa seva ya chama, hata kwa dakika tano. Hujui ni nani aliye msimamizi wake.

7. Kazi zinazojiendesha zenyewe zipewe ufunguo wao. Huduma inayonakili kumbukumbu usiku wa manane haina mtu wa kuandika neno la kufungulia, na mara nyingi ufunguo wake hubaki bila neno. Hilo huvumilika kwa sharti moja: katika seva, mstari wa ufunguo huo uwekewe mipaka ili uweze kufanya kazi hiyo moja tu, kutoka anwani hiyo moja tu. Isiwe huduma ya kunakili inaendeshwa kwa ufunguo wa fundi mkuu.

8. Kuwe na daftari la funguo. Liandikwe jina la mtu, kompyuta yake, alama ya ufunguo wake, seva alizoruhusiwa, na siku aliyopewa. Sehemu ya siri haiandikwi humo kamwe. Daftari hili liko wazi kwa uongozi, na linafaa kupitiwa kila baada ya miezi mitatu.

Viongozi wasio mafundi wanaweza kuuliza maswali manne: Ni nani wenye funguo za seva yetu leo? Je, aliyeondoka kazini ufunguo wake uliondolewa siku ipi? Rekodi za walioingia hukaa kwa muda gani kabla ya kufutika? Na fundi wetu akiugua, nani mwingine anaweza kuingia kwa ufunguo wake mwenyewe? Fundi mzuri hataudhika na maswali haya, kwa maana majibu yake ndiyo kinga yake.

Kompyuta ikiibwa, au mgeni akishukiwa

Kompyuta ya fundi ikiibwa, jambo la kwanza si kununua nyingine. Ni kwenda katika kila seva na kuufuta mstari wa sehemu ya wazi ya ufunguo ule katika faili ya authorized_keys. Kitasa kikishaondolewa, ufunguo ulioibwa hauna mlango wa kufungua. Hapa ndipo daftari la funguo linapolipa gharama yake, kwani bila daftari hakuna anayekumbuka ni seva zipi.

Lakini kuufuta mstari huo humzuia anayetaka kuingia. Hakumtoi aliyekwisha kuingia. Kwa hiyo waliomo wakati huo wakaguliwe, na wasiotambulika watolewe. Kisha faili ile isomwe mstari kwa mstari, kwa sababu desturi ya wavamizi ni kuongeza kitasa chao wenyewe kabla ya kuondoka, ili warudi siku nyingine bila kubisha. Mstari wowote usio na mwenyewe katika daftari unakiliwe kwa ajili ya upelelezi, kisha uondolewe.

Tunawasihi sana: seva inaposhukiwa kuvamiwa, isifutwe wala isipangwe upya kabla ya taarifa kutolewa. Itengwe na mtandao, lakini isizimwe mpaka mtaalamu aione, kwa kuwa yaliyomo katika kumbukumbu ya muda hupotea pamoja na umeme. Fundi mwenye nia njema anayeisafisha seva usiku huo huo anaosha pia nyayo za mwizi.

Na msichelewe. Katika Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux itumikayo sana, rekodi za walioingia huandikwa katika faili iitwayo auth.log. Kwa mpangilio wa kawaida faili hiyo hubadilishwa kila wiki na nakala nne za nyuma ndizo zinazotunzwa. Maana yake ni kwamba chama kinachosubiri mkutano mkuu wa mwisho wa miezi miwili ndipo kitoe taarifa kitatuletea malalamiko yasiyo na rekodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii mara nyingine haujengeki. Ni vyema pia nakala za rekodi zipelekwe katika mashine nyingine, mahali ambapo mvamizi wa seva hawezi kuzifikia.

Taarifa itolewe katika kituo cha polisi kilicho karibu. Njooni na daftari la funguo, nakala za rekodi, saa mliyogundua tatizo na majina ya waliogusa mashine tangu hapo. Kituo kitawasiliana na wapelelezi wa makosa ya mtandao. Na ikiwa taarifa binafsi za watu zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuzitunza aiarifu mamlaka husika mara moja. Kunyamaza ili kulinda jina la taasisi ni kuongeza kosa juu ya hasara.

Neno kuhusu sheria na matapeli

Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kuingia kwa makusudi katika programu au data bila idhini ni kosa la jinai. Haijalishi kama mlango ulikuwa wazi au ufunguo ulikuwa mkononi. Aliyeacha kazi na bado anao ufunguo hana ruhusa ya kuutumia kwa kuwa tu hakuna aliyeukumbuka. Vijana wetu waliojifunza ufundi huu wafahamu kwamba "nilikuwa natazama tu" si utetezi wa kutegemewa.

Aidha, tunatoa tahadhari moja kwa upande wetu. Mpelelezi anahitaji alama ya ufunguo, sehemu yake ya wazi na rekodi za seva. Vyote hivyo havifungui mlango wowote. Akikupigia simu mtu anayejitambulisha kuwa polisi na kutaka umtumie sehemu ya siri ya ufunguo wako au neno la kufungulia, usimtumie. Chukua jina lake, kata simu, na ufike mwenyewe kituoni kuuliza.

Tumeandika mengi, lakini kazi ya kuanzia ni ndogo. Kila fundi aliyesoma hapa aandike ssh-add -l leo, aone mtunza funguo wake ameshika nini, na aondoe kisichohitajika. Kila mwenyekiti aombe orodha ya wenye funguo na kumfuta aliyeondoka. Kazi hiyo inaweza kumalizika kabla ya chakula cha mchana, na siku ya mashaka itamtetea mtu asiye na kosa.